Mwaka Tulipoanza Kupima Pumzi za Madereva

Mama alikuwa akisema nitaolewa na swali, maana tangu utotoni sikuacha kuuliza. Niliolewa na seremala, tukapanga chumba Kabiro, kule Kawangware, lakini maswali hayakuisha. Nilikwenda nayo kazini. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nesi wa depo ya kampuni moja ya mabasi, nesi wa pekee, na zahanati yangu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya magurudumu. Kila dawa niliyotoa mle ndani ilinuka mpira. Walioingia walikuwa mafundi waliojikata, makondakta wenye vidonda vya tumbo na madereva wa kuumwa mgongo. Wote waliniita sista.

Kisha dereva mmoja wa depo nyingine ya kampuni hiyo alipanda ukingo wa barabara na basi, akabomoa ukuta wa nyumba ya watu. Hakuna aliyekufa. Lakini waliomtoa kwenye kiti walisema alinuka kama pipa la busaa, na wakubwa wakaingiwa na woga. Haukupita muda, nikaletewa mtaalamu mmoja na kisanduku. Ndani mlikuwa na mashine ya kutosha kiganjani, yenye kioo cha namba na mirija ya plastiki ya kupulizia. Mtu anapuliza pumzi moja ndefu, mashine inasema ana pombe kiasi gani mwilini. Kwa bangi na mambo mengine kulikuwa na vikopo vya mkojo, ambavyo tulivipeleka maabara mjini. Mtaalamu alinifundisha asubuhi moja tu, akanywa chai, akaenda zake.

Alipoondoka nilifunga mlango nikaanza kuichunguza ile mashine. Nilipuliza: sufuri. Nilikula ndizi iliyoiva hadi ikawa nyeusi, nikapuliza: sufuri. Nikasukutua mdomo kwa dawa ya kusafisha kinywa, ile yenye spiriti, nikaitema, nikapuliza. Namba zikaruka kama za mtu aliyelala kilabuni. Nikashtuka. Nikasuuza mdomo kwa maji, nikaketi kidogo, nikapuliza tena: sufuri. Ndipo nikaelewa kwa nini mtaalamu alisisitiza kwamba mtu akipatikana na pombe asuuze mdomo, angoje, apimwe tena. Pombe iliyo mdomoni huondoka upesi. Iliyo kwenye damu haina haraka.

Wanaume wa depo walikuwa na maswali kunishinda.

"Sista, na uji uliochacha?"

"Na divai ya kanisani?"

"Na miraa je? Miraa inaonekana kwa hiyo mkojo ama haionekani?"

Hilo la miraa sikulijua. Nilimpigia mtaalamu simu, naye akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Hatukuwapima wote. Kila asubuhi msimamizi wa zamu alichota vibao vya namba za wafanyakazi kutoka kwenye mkebe wa maziwa ya unga, mbele ya watu wote, asije mtu akasema anaonewa. Wa kwanza kupatikana alikuwa kondakta mmoja mcheshi ambaye hata soksi zake zilikuwa safi asubuhi hiyo.

"Sista, hiyo ni ya jana!" akalia. "Leo sijaguza kitu, naapa!"

Nilimwamini. Na bado pombe ilikuwa mwilini. Lilikuwa ajabu kwake na kwangu pia, kwamba mtu anaweza kulala, kuoga, kunywa chai na kusali, na pombe ya jana ikawa bado haijamaliza safari yake. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu hadi ugali ukapoa.

Asubuhi nyingine kikatoka kibao cha mzee ambaye depo nzima ilimwita jaduong'. Ni neno la heshima la Kijaluo kwa mtu mzima, na tulilitumia sote, hata sisi tuliotoka Magharibi. Aliishi Mashimoni, Kibera, na mkewe, na njia yake ilikuwa kutoka Kibera kwenda mjini. Kampuni ikitembelewa na wageni, yeye ndiye waliyeonyeshwa. Hakuwahi kugonga hata kuku. Alisimamisha basi taratibu kiasi kwamba akina mama waliopakata ndoo za samaki hawakuhitaji kushika chuma. Kuna abiria walioacha basi lililokuja mapema wakangoja lake. Madereva wapya walipewa yeye awafundishe. Alivaa tai kila siku, kanisani aliimba besi, na shavuni hakukosa kipande cha tangawizi. Alisema ni cha koo.

Kibao chake kilipotoka watu walicheka. "Leo mashine inapumzika," mmoja akasema.

Jaduong' alipuliza vizuri, pumzi ndefu ya mwimbaji. Namba zikapanda. Zikapita pale alipofikia yule kondakta, zikaendelea kupanda.

"Imeharibika," msimamizi akasema.

Nilimpa mzee maji asuuze mdomo, nikamwomba aketi kwenye benchi tungoje. Hakuonyesha wasiwasi wowote. Alikuwa akiitazama ile mashine huku ameinamisha kichwa upande.

"Sasa hii, sista, inajuaje?"

Nilimweleza kwamba pombe huzunguka pamoja na damu, damu ikipita mapafuni inaachia kidogo, na kile kidogo hutoka na pumzi.

"Kwa hivyo pumzi inabeba," akasema. "Kama basi."

"Ndiyo, jaduong'. Kama basi."

Alifurahia jibu hilo. Akapuliza tena, na namba zikarudi palepale. Msimamizi akapuliza yeye: sufuri. Nikapuliza mimi: sufuri. Tukamwita fundi mmoja wa breki aliyekuwa akipita: sufuri. Watu wakaacha kucheka.

"Jaduong', umekunywa nini leo?" nikamuuliza.

"Chai."

"Na nini?"

"Chai, na ile dawa yangu ya asubuhi."

"Dawa gani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mkono wake wa kulia. "Ile nyeupe. Glasi moja, kwa yule mama jirani, kabla sijatoka. Sijawahi kunywa kazini, sista, na sijawahi kulewa. Uliza mtu yeyote."

"Chang'aa?"

"Wengine wanaiita hivyo."

"Glasi ndogo?"

"Kubwa."

"Na jioni?"

"Jioni ni jioni," akasema, akanyoosha tai yake.

Nilimwomba asimame kwa mguu mmoja. Alisimama kama korongo. Nilimwambia afuate ufa wa sakafu hadi mlangoni na arudi, akaufuata kama reli. Hakuna neno lililoteleza mdomoni mwake. Nimezaliwa katika boma ambalo busaa ilipikwa kwa kila msiba na kila harusi, najua mlevi akiwa mbali hata kabla sijaona uso wake, na huyu sikuwahi kumshuku. Hilo ndilo lililonikalia rohoni siku ile nzima. Dereva wetu bora kuliko wote alikuwa akiendesha na chang'aa mwilini, siku zote, miaka yote. Je, alikuwa bora ingawa alikunywa, au alikuwa bora kwa sababu alikunywa?

Meneja hakumfukuza. Alisema mzee akae nyumbani, na siku atakayopuliza sufuri arudi wazungumze. Nilimfuata hadi getini.

"Jaduong', usiikate mara moja. Mwili umeizoea. Nenda hospitali wakuangalie, wakusaidie kupunguza kidogo kidogo."

"Sista, mimi si mlevi wa kupunguza," akasema kwa upole. "Nitaacha."

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, niliamua kwenda kumwona. Unesi ulichangia, lakini zaidi nilitaka kujua. Nilitoka Kabiro kwa miguu, nikavuka Barabara ya Ngong, nikateremka Kibera mpaka Mashimoni, nikiwa bado na viatu vya kanisani ambavyo havikupenda ile njia. Kwenye kioski cha maji nilimuuliza mama aliyekuwa akijaza mtungi kama anamjua mzee wa basi. Akanionyesha kwa kidevu. "Lakini amekuwa mgonjwa," akasema. "Anaongea na watu hatuwaoni."

Mkewe alikuwa mlangoni, leso imefungwa kiunoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Ingia umwone."

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati limelowa jasho. Mikono ilikuwa mbele yake imeshika hewa, ikitetemeka mpaka mabegani. Niliangalia kwa muda kabla sijaelewa kwamba alikuwa anaendesha. Mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu ya udongo taratibu, kwa ule upole wake niliozoea kuuona depo. Aligeuza shingo, akatazama ukuta wa nyuma.

"Songeni nyuma tafadhali, kuna nafasi huko nyuma." Kisha akaniona. "Karibu, mama. Lipa kwa kondakta."

"Ameanza lini?" nikamuuliza mkewe.

"Tangu jana. Hajalala. Anasema chumba kimejaa abiria. Nikimwambia alale anasema hawezi kuwaacha njiani."

Nilijua nilichokiona, ingawa nilikuwa nimekisoma tu chuoni. Mwili uliozoea pombe kwa miaka ukinyimwa ghafla huweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupata kifafa, hata kufa. Paji lake lilikuwa moto. Nikasema lazima tuende hospitali sasa hivi. Nikamshika mkono, akaukaza. Alikuwa na nguvu za kushangaza.

"Nani atawapeleka hawa?" akauliza.

Nilimbembeleza, nikamtisha, haikusaidia. Mkewe akanisogeza kando. Kisha akainama karibu na sikio lake, akasema maneno machache kwa Kijaluo. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akapunguza mwendo. Akakanyaga breki, akavuta breki ya mkono ambayo haikuwepo, akapangusa viganja kwenye suruali, akasimama.

"Umemwambia nini?" nikanong'ona.

"Nimemwambia tumefika mwisho wa njia. Abiria wote washuke."

Majirani walileta mkokoteni wa kubebea maji. Tukamlaza juu ya gunia, tukausukuma mpaka kwenye lami. Mmoja wa waliosukuma kwa nguvu zaidi alikuwa mama mnene aliyelia njia nzima, na baadaye nikajulishwa kwamba huyo ndiye aliyekuwa akimuuzia ile glasi ya asubuhi. Kwenye lami tukapata teksi.

Madaktari walimpokea, wakamtuliza kwa sindano. Mimi na mkewe tuliketi kwenye benchi la korido. Nilikuwa na swali, na sikujua kama ni adabu kuliuliza. Nikaliuliza.

"Mama, wewe ulijua?"

"Mashine yako imeona kitu ambacho mimi nakiona kila siku tangu anioe."

"Na hukuwahi kusema?"

"Kwa nani, mwanangu? Mume hanipigi. Halali kwenye mtaro. Analeta unga, anaenda kanisani. Wanawake wenzangu hapo Mashimoni wananiambia nimebarikiwa. Ningeenda kwa mchungaji nikaseme nini? Kwamba mume wangu ni mpole sana?" Akacheka kidogo, kisha akafuta macho kwa ncha ya leso. "Nilikuwa najua tu kuna mtu wa kabla ya glasi na mtu wa baada ya glasi. Wa kabla simjui vizuri. Huwa anaamka, anaondoka, anarudi akiwa yule mwingine."

Jaduong' alipona. Aliporudi depo baada ya wiki kadhaa, tai ilikuwa imelegea shingoni kwa kukonda. Aliomba mwenyewe apimwe. Sufuri. Alikitazama kile kioo kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpima. Makondakta wakampigia makofi, na meneja akasema sawa, lakini kwanza azungushe basi uwanjani watu waone.

Mzee aliniita nipande naye. Sikungoja kuitwa mara ya pili. Nilikaa kiti cha mbele, fundi mmoja akasimama karibu na mlango. Jaduong' akawasha injini, akaingiza gia, na basi likaruka kama punda aliyechomwa. Akasimama. Akaanza tena. Aliendesha kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Kwenye kona ya stoo alikata mapema mno, ubavu wa basi ukakwaruza rundo la magurudumu na matatu yakabingirika hadi kwenye ofisi. Watu waliokuwa wakitazama wakaangalia chini.

Alizima injini. Hakushuka.

"Basi limekuwa kubwa, sista," akasema. "Zamani lilikuwa linanienea kama shati. Sasa sijui mwisho wake uko wapi."

Fundi alikwenda kuokota magurudumu. Tukabaki wawili, na nikamuuliza lile swali nililokuwa nimelibeba tangu siku ya kwanza: alianza vipi?

Alisema alianza akiwa turniboi, yaani utingo wa lori, kijana wa kushindana na kila mtu. Dereva wake aliamua kumfundisha, na siku ya kwanza ya kushuka ule mteremko mkali wa kwenda Bondeni, mikono yake ilitetemeka na alikuwa akimtukana kila mwenye gari aliyemkaribia. Yule dereva alimsimamisha kando, akafungua chupa, akammiminia kwenye kifuniko cha flaski. Akamwambia anywe, atatulia.

"Nikanywa. Mikono ikanyamaza. Lori likashuka lile bonde kama maji." Akatazama viganja vyake. "Nikadhani nimejua kuendesha. Tangu siku hiyo sijawahi kujaribu bila hiyo. Hata sikuwa najua kama naweza. Ndiyo maana hiyo mashine yako ilinishangaza. Mimi nilikuwa nadhani pombe ni kile ambacho wengine wanakunywa."

"Na tangawizi, jaduong'? Kama haikuwa pombe, tangawizi ilikuwa ya kuficha nini?"

Aliniangalia, kisha akacheka mpaka akakohoa. Ndipo akashuka.

Meneja alimpa kazi ya uwanjani: kuyatoa mabasi kwenye karakana, kuyaosha, kuyapanga. Wengine waliona ameshushwa hadhi, lakini yeye hakunung'unika. Kila mchana, kazi ikipungua, alichukua basi tupu akalizungusha kwenye uwanja ule, kinyumenyume, kona baada ya kona, huku mafundi wakila githeri na kumpigia kelele za ushauri. Nilikuwa nikifungua dirisha la zahanati nimtazame. Siku nyingine mikono ilikuwa mibaya, akaliacha basi katikati na kwenda kukaa kivulini. Siku nyingine lilipita kati ya mapipa mawili bila kuyagusa, na mtu akapiga mluzi.

Hatimaye alifaulu jaribio la barabarani, akapewa njia ya Kawangware kupitia Riruta. Basi langu mwenyewe la kwenda nyumbani. Nikafikiri sasa majirani zangu watamjua jaduong' wetu.

Walimjua kweli.

"Sista, huyo mzee wenu ana shida gani?" jirani yangu, fundi wa nguo, akaniuliza. "Anapiga honi kama ni yeye bibi harusi. Jana amemgombeza mama mmoja kwa sababu ya kabeji."

Nilipanda nikaona mwenyewe. Aliwafokea wenye mikokoteni, aligombana na wenye magari madogo, alisimama kwa kishindo. Kwa uso alikuwa yule yule, na tai yake. Meneja aliniita ofisini akaniuliza kama mzee amerudia kunywa, maana malalamiko yalikuwa yameanza kufika. Nilimpima asubuhi hiyo na asubuhi nyingi zilizofuata. Sufuri, kila mara. Ilinibidi nimweleze meneja, ambaye hakupenda kusikia, kwamba malalamiko yalianza siku mzee alipoacha.

"Sasa unataka nifanye nini, nimrudishie glasi?" akafoka.

"La, bwana. Mimi nasema tu nilichoona."

Akanitazama, akashusha pumzi. "Mpe muda basi," akasema.

Nilimuuliza jaduong' mwenyewe, siku moja akingoja zamu. Hakukasirika. Alisema ndivyo alivyokuwa ujanani, kabla ya lile bonde, na alidhani umri ulikuwa umemtoa hasira. Kumbe zilikuwa zimelala tu, akaamka nazo akiwa na mvi. "Najifunza upya, sista. Mtu wa umri wangu." Ilimchukua muda. Aligundua kwamba akiimba besi kwa sauti ya chini, mkono wake unasahau honi, na abiria wa Kawangware wakaanza kumwombea nyimbo. Hakuwahi kurudia ule ulaini wa zamani, wa kusimama bila mtu kushika chuma. Lakini aliendesha mpaka umri wa kustaafu ukafika, na kosa lake kubwa lilikuwa kioo cha pembeni kilichovunjika sokoni, ambacho alikiripoti mwenyewe kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Kabla mzee na mkewe hawajafunga virago kurudi kwao ziwani, walinialika Mashimoni. Mkewe alikuwa amepika ngege mzima, samaki wa kwao, na sukuma wiki, na yule mama mnene wa jirani alikuwepo pia, siku hizi akiuza mandazi, ingawa sikuuliza kama anauza hayo peke yake. Tulikula, tukaongea habari za depo. Mwisho nikashindwa kujizuia.

"Jaduong', huwa unaikumbuka?"

"Kila asubuhi," akasema mara moja.

"Na mimi namkumbuka yule mpole," mkewe akadakia, akicheka. "Huyu ana mdomo, sista! Jana amegombana na mwenye mkokoteni wa kutubebea vitu, bei ikapanda."

"Alikuwa anafunga kamba vibaya," mzee akasema. "Kitanda kingeanguka."

"Kingeanguka," mkewe akakubali. Akamwongezea mumewe ugali, naye mzee akanisogezea kichwa cha samaki, kwa kuwa mimi ndiye mgeni, akaniambia nile kabla hakijapoa.